Nilivyomgombeza Muuza Dawa wa Keroka

Hadi leo nina hasira, na wa kumwagia sina. Mkojo ulianza kunichoma tena, na vipimo vya hospitali vikaonyesha vijidudu vimeizoea ile dawa niliyonunua kwenye duka la dawa la Keroka. Nikarudi kwenye duka hilo na mama mkwe, awe shahidi wangu. Mbele ya wateja nikamwambia muuzaji kwamba anawauzia wanawake unga wa ugali badala ya dawa.

“Mama, ulimaliza dozi?” akaniuliza.

“Unaniona mtoto? Nilimeza zote.”

Nikawageukia wateja, nikawaambia waondoke, huyu ni mwizi. Ndipo mama mkwe akanivuta mkono kwa upole.

“Usimkosee, Mama Moraa. Dawa yake ni nzuri sana. Zile ulizobakisha ukanipa, kuku wangu wote walipona.”