Kinamasi Kilichopimwa Mwezi wa Nane

Euphrasie Nabintu hakuwa mtu wa mikutano. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanda tramu kwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao kusini mwa Brussels. Jumamosi alishuka kituo cha Porte de Namur, akasukwa nywele kwenye saluni za Galerie d'Ixelles, akarudi kwake. Majirani walimjua kwa salamu yake na kwa harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku ya Jumapili.

Nyuma ya ghorofa alimoishi palikuwa na bonde dogo. Kiwanda kilichokuwa pale kiliondoka zamani, na maji yakarudi. Matete yakaota, bata wakaja kutaga. Euphrasie alipenda kupita pale akitoka kazini, maana udongo ule ulinukia kama mabonde ya Kabare, alikolima na mama yake kabla vita havijamtoa Kivu.

Mwezi wa pili, tangazo jekundu likabandikwa kwenye uzio: majengo manne, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Aliyetaka kupinga alipewa siku thelathini. Euphrasie akaenda ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, kusoma faili pamoja na Kelly, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akisomea sheria. Kelly alifungua ripoti ya mtaalamu wa wajenzi, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Tantine, banasema hapa si marais, si kinamasi."

"Si marais? Na ile matete inaota ku béton, ku simenti?"

"Donc, sheria inalinda marais. Kama banakubali hapa si marais, sheria haiko tena na kitu ya kulinda. Banajenga tu. Mutaalamu alikuja kupima, hakukuta mayi."

"Alikuja mwezi gani?"

Kelly akafunua kurasa. "Le dix-neuf août, mwezi wa nane."

Euphrasie akacheka bila furaha. "Août! Hata mito ya kwetu, kiangazi unavuka na viatu. Nani anapima mayi mu kiangazi?"

Waliendelea kusoma mpaka karani akaanza kufunga madirisha. Kelly akagundua kwamba kanuni haikutazama maji yanayoonekana peke yake. Ilitazama pia mimea inayoota mahali, na rangi ya udongo, kwa sababu udongo uliolala majini miezi mingi hugeuka kijivu wenye madoa ya kutu. Ripoti ilikuwa imeruka yote mawili.

Kesho yake Euphrasie alichomeka ukingoni mwa bonde fimbo aliyoichora alama. Kila siku alisoma kimo cha maji na kukiandika kwenye daftari. Jirani yake Jean-Pierre, dereva wa tramu mstaafu kutoka Lubumbashi, alimkuta amechuchumaa pale na buti za mpira.

"Maman Euphra, acha. Hii si inchi yetu. Siye tuko bageni."

"Tonton, nimeogesha bazee ba hapa miaka dix-neuf. Pale hawakuniita mugeni. Leo niko mugeni juu ya matope?"

Jean-Pierre akainama, akamshikia daftari.

Siku ya kusikilizwa kwa mapingamizi, Euphrasie aliingia ukumbi wa komini na ndoo mbili. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, alimpa dakika tatu. Euphrasie alisema kwa Kifaransa chake cha Bukavu, bila kusoma karatasi. Alieleza vipimo vya siku thelathini: hakuna hata siku moja fimbo ilikuwa kavu. Akatoa matete kwenye ndoo ya kwanza. Kutoka kwenye ya pili akatoa bonge la udongo, akalivunja mbele yao juu ya gazeti. Ndani lilikuwa la kijivu, lenye madoa mekundu ya kutu.

"Madame, hayo ni maji ya mvua tu," alisema mtaalamu wa wajenzi, aliyeketi upande wa pili wa meza.

"Na Ziwa Kivu, bwana, linajazwa na bomba?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Muda wako umekwisha, madame. Tafadhali keti."

Euphrasie hakuketi. Akashika ukingo wa meza. "Nitaketi akinijibu. Kwa nini mwezi wa nane?"

Mtaalamu alipekua makaratasi yake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba tarehe ilichaguliwa na mteja wake, yaani wajenzi. Hapo Euphrasie akaketi.

Kamati iliamuru uchunguzi mpya, mara hii kuanzia vuli hadi masika. Ulipokamilika mwaka uliofuata, theluthi mbili za bonde zilitambuliwa kuwa ardhi oevu, na majengo matatu yakafutwa. La nne likabaki, upande wa barabara.

Komini ikamwalika apigwe picha kando ya kibao kipya cha ulinzi. Kijana wa mawasiliano alimpigia simu mwenyewe, akimpongeza kwa ushindi.

"Chemchemi inayolisha bonde lote inatoka palepale mlipoacha jengo la nne lijengwe," Euphrasie alimwambia. "Mnalinda bakuli, mnaziba mdomo wa mtungi. Siji."

Wiki hiyohiyo aliwasilisha rufaa. Sahihi ya kwanza chini ya jina lake ilikuwa ya Jean-Pierre. Kesi bado inaendelea, na Euphrasie ameomba zamu za mchana zibadilishwe ili siku ya kusikilizwa awepo tangu mlango unapofunguliwa.