Nilihamisha mahindi yote ya mama mkwe kutoka Nyakiriba ili nimkwepe mlanguzi. Yaliyonikuta

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo naandika kwa sababu kuna kitu nimekiona kwa macho yangu, na mpaka sasa nikipita sokoni nasimama kukitafakari kama mtu aliyesahau alichotumwa. Hii si chai. Anayetaka chai aende jikoni. Hapa nasimulia yaliyonikuta mimi na mahindi ya mama mkwe wangu, na nitajianika mwenyewe bila kujipendelea.

Mnijue kidogo. Nimezaliwa Karagwe, wazazi walikuwa wakimbizi kule, tukarudi Rwanda nikiwa kijana. Sasa naishi Gisenyi, nafanya kazi ya ofisini. Nina degree ya biashara. Naitaja mapema kwa sababu huko mbele itanitia aibu.

Mke wangu, Claudine, kwao ni Nyakiriba, kilimani. Mama yake ni mjane, analima mahindi na viazi, na mahindi hayo ndiyo chakula chake cha mwaka na ndiyo sabuni na chumvi yake.

Sasa kila msimu nilikuwa naona kitu kinaniudhi. Mahindi yakishavunwa, anakuja mama mmoja wa Mahoko, mji mdogo wa chini barabarani, na pikapu, anaitwa Mama Furaha. Huyu alirudi kutoka Kongo zamani, ananunua nafaka vijijini na kuzipeleka mjini. Anakaa na mama mkwe, wanacheka, wanakunywa uji, kisha anaondoka na magunia kwa bei ya kutupa.

Mimi kila siku napita karibu na mpaka wa Kongo, najua gunia linauzwaje Goma. Wakuu, ni zaidi ya mara mbili ya bei ya mlangoni kwa mama! Gunia lile lile!

Nikamwambia Claudine, huyu mama yako anaibiwa mchana kweupe.

Nikapanga. Nitachukua mahindi yote, nikodi chumba Gisenyi, niyaweke, bei ikipanda nauza mwenyewe. Na chakula chake nitakuwa nampelekea kidogo kidogo. Kwenye karatasi ilipendeza sana, nikajiona waziri wa kilimo.

Hapa kuna jambo lazima mlielewe, maana ndilo lililoniponza.

Huku kwetu mkwe anapewa heshima ya kupitiliza. Nikifika, mama anasimama, anajifunga kitenge vizuri, anaongea kwa sauti ya chini. Miaka kumi na moja ya ndoa, jina langu halijawahi kumtoka mdomoni. Na neno "hapana" alikuwa hajawahi kuniambia. Hata ningesema nataka kulima ziwani, angejibu "sawa, mukwe wangu."

Nilipokwenda kumweleza, mahindi yalikuwa yananing'inia kwenye kibanda cha kuanikia. Huku juu ni baridi, ukungu unashuka hadi saa nne asubuhi, kwa hiyo hawaaniki chini kama Karagwe. Wanafunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika kwenye miti, safu juu ya safu, upepo unapita katikati wiki nyingi. Ukisimama chini yake unaona dari ya dhahabu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa Kinyarwanda, hapa nawatafsiria:

"Sawa, mukwe wangu. Labda yangekaa juu kidogo tena."

Nikamjibu, "Usijali mama, mjini kuna joto, yatamalizia kukauka huko."

Akainamisha kichwa. Nami nikaona nimeeleweka.

Wiki ile nikaleta watu wakayashusha, wakayapukuchua, tukapata magunia tisa. Nikayasafirisha mpaka Gisenyi, chumba kimoja karibu na ziwa, dirisha dogo, sakafu ya saruji. Nikayapanga ukutani moja juu ya jingine, nikafunga mlango kwa kufuli mbili. Hata picha nilipiga.

Chaga za mbao za kuyainua kutoka sakafuni sikuweka. Niliona ni gharama ya bure.

Zikapita kama wiki tatu. Nikakutana na Mama Furaha sokoni Gisenyi. Nikamwita kwa majivuno kabisa, nikamwambia njoo uone mzigo, safari hii utanunua kwa bei ya mjini au utauacha. Akanitazama, akasema tu, "Bon, twende."

Nikafungua kufuli zangu mbili.

Hakuuliza bei. Alifungua gunia la katikati, akakunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono ndani mpaka kiwiko. Nikaona uso wake unabadilika.

"Papa Keza," akaniita kwa jina la binti yangu, "leta mukono."

Akaushika mkono wangu na kuusukuma ndani ya mahindi.

Wakuu, kulikuwa na joto! Joto kama la kiota ambacho kuku ametoka sasa hivi. Chumba kina baridi, sakafu ina baridi, lakini katikati ya gunia kulikuwa na kitu hai kinapumua. Nywele zilinisimama. Sikujua kwamba nafaka iliyokaa kimya gizani inaweza kujichemsha yenyewe.

"Unasikia? Mahindi yako inaiva bila sufuria," akasema. "Haiyakauka bado, we umeifungia."

Akaomba chupa tupu na chumvi kavu. Akatia mahindi kiasi, akatia chumvi, akatikisa, akaisimamisha dirishani. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa kama jasho. "Ingekuwa mahindi mukavu, chumvi ingeanguka yote chini," akaniambia. Kipimo hicho, wakuu. Chupa ya soda na chumvi ya jikoni. Mimi nina degree.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kwa sababu hili halikuwa gunia langu. Mjane wa watu nilimchukulia mwaka mzima wa chakula, nikauweka uoze kwa kufuli mbili.

Nilitegemea anicheke na aondoke. Mtu niliyemwita mwizi! Badala yake alipiga simu, yakaja maturubai kutoka Mahoko. Siku tatu tulimwaga mahindi uani kwa mwenye nyumba, tukiyageuza kwa mikono, tukichagua yenye ukungu na kuyatupa shimoni, maana yale ni sumu hata kwa kuku. Claudine alikuwa anachagua huku hanisemeshi. Nilikuwa nastahili.

Magunia tisa yakawa saba. Mawili yaliliwa na kuvu na ujuaji wangu.

Siku ya tatu nikamuuliza Mama Furaha kwa nini ananisaidia. Akasema aliporudi kutoka Kongo bila kitu, mama mkwe wangu ndiye wa kwanza kumwamini na mahindi yake ayauze. "We unaniona mi mwizi," akaongeza, bila hasira. "Kesho panda na mi. Nitakuonyesha bei yangu inatoka wapi."

Tulikubaliana magunia manne yarudi kilimani yawe chakula cha mama, matatu nimwachie yeye auze.

Asubuhi akanipeleka kwanza mpakani. Akachukua punje kumi za mahindi, akaziweka kwenye kiganja changu.

"Hii ni bei ya Goma leo. Gunia moja. Ukamate vizuri."

Mbele yetu walikuwa wanapita wenzetu wenye ulemavu, wale wanaovusha mizigo kwa baiskeli za miguu mitatu wanazoziendesha kwa mikono. Mzigo umepangwa mpaka humwoni dereva, unaona tu mikono inazunguka. Nimewaona maisha yangu yote na siku ile ndiyo niliwaona kweli. Mama Furaha akatoa punje moja kiganjani kwangu, akaitupa. "Hii ni ya kuvuka."

Tukapanda pikapu, magunia manne ya mama yakiwa nyuma, kuelekea Mahoko. Njiani akatoa nyingine, ya lori na wapakiaji.

Mahoko akanionyesha stoo yake. Magunia yamekaa juu ya chaga, yako mbali na ukuta, madirisha mawili yanatazamana, na paka wawili wanene. Akatoa punje ya stoo na mlinzi. Akatoa nyingine, akasema hii imekula hewa. Mahindi yakikauka yanapungua uzito, unanunua kilo nyingi unauza chache, na panya naye ana sehemu yake hata ukifuga paka. Wakati anaongea simu yake ikaita mara moja ikakatika. Ni mwenzake wa Goma. Mlio mmoja maana yake nunua, miwili maana yake subiri, mpaka unafungwa mapema. Hapo hapo akapandisha bei kwa wakulima waliokuwa wamesimama mlangoni. Kilimani hakuna aliyejua kwa nini siku hiyo bei ya mahindi imependeza.

Kutoka Mahoko kwenda Nyakiriba mvua ilikuwa imekata njia. Pikapu ikaishia njiani, magunia yangu yakapanda kichwani kwa watu. Kipande kile kifupi kilikula punje nzima, sawasawa na barabara yote ya lami!

Tukafika kwa mama mkwe. Kiganjani nimebaki na punje tano.

Mama Furaha akachukua moja, akaing'ata katikati. "Hii nusu njo yangu." Nusu nyingine akairudisha.

Nne na nusu. Nikapiga hesabu kichwani. Ilikuwa ndiyo bei ileile ya mlangoni niliyoiita wizi, haipungui.

"Kila mutu anaona bei ya Goma," akasema. "Njia hakuna mutu anaiona."

Kisha akafanya kitu kilichonimaliza. Akaokota punje chini, akaanza kuzirudisha kiganjani moja moja. Mwezi wa njaa, akasema, kilimani mahindi yameisha, yanatoka mjini kupanda huku. Bei ya mjini, weka juu yake stoo, weka lori, weka pikapu, weka kichwa cha mutu. Kiganja kikajaa mpaka zikaanza kudondoka.

Nilisimama pale nimeshika mahindi kama mtoto. Mkulima huyu akiuza, anakatwa gharama ya barabara. Akinunua mahindi yale yale, anaongezewa gharama ya barabara ile ile. Mtu mmoja, kilima kimoja, analipa kwenda na kurudi. Na katikati sikumwona mwizi hata mmoja, niliona tu watu wanaobeba. Nimesoma vitabu vya masoko miaka minne na sijawahi kuona soko. Nililiona siku ile kwenye kiganja changu.

Na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemfanyia mama. Angeuza kwa nne na nusu na kubakiza chakula chake. Mimi nusura nimfanye anunue chakula hicho kwa kiganja kilichojaa.

Nikaingia ndani kukiri. Nilikuwa na kreti ya bia, maana mkwe haendi mikono mitupu. Nikamwambia yote. Joto, ukungu, shimo la uani. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa vilevile.

Akasimama, akanipa ishara nimfuate kibandani.

Safu za chini zilikuwa tupu, kama tulivyoziacha. Akasogeza mabua makavu ya maharage yaliyokuwa yamefunika juu kabisa. Nyuma yake, kwenye mti wa mwisho, yalining'inia mahindi, mawili mawili, makavu hadi yanagongana kwa sauti kama kete.

Alikuwa ameyaficha siku ile kabla watu wangu hawajafika.

"Sikuweza kukukatalia, mukwe wangu," akasema. "Nikaacha haya. Ili siku utakaporudi hivi usikute nyumba ina njaa, ukajiona vibaya."

Wakuu, alijua. Alijua yataharibika, na alichofikiria si tumbo lake. Alifikiria aibu yangu. Nililia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwa mila zetu halina hata jina.

Siku hiyo nikamwomba kitu kimoja. Kwenye mambo ya shamba, anikatalie. Akacheka akifunika mdomo kwa kitenge, akasema hawezi, dunia itamshangaa.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Bei unayoiona mwisho wa njia usiichukue kuwa ni bei ya mwanzo wa njia. Na ukitaka kumsaidia mkulima kweli, tengeneza kile kipande kilichokatwa na mvua, mpe chaga na muda wa kukausha. Nilichanga na wanakijiji tukatengeneza njia ile, na Mama Furaha alitoa mawe. Tangu pikapu ianze kufika mlangoni, ile punje moja imebaki kwa mama.

Msimu huu nilipanda tena Nyakiriba. Mahindi yananing'inia, yanang'aa. Nikamuuliza, "Mama, tushushe?"

Akachuma punje, akaiuma kwa jino la pembeni. Akatazama chini, anapigana na nafsi yake.

"Hapana," akasema.

Miaka kumi na moja, wakuu. Ya kwanza hiyo. Niliteremka kilima chote nacheka peke yangu.

Sasa nanyi niambieni. Wa Rukwa, wa Kasulu, wa Masisi, wa Kitale, popote ulipo unasoma hapa: gunia la mama yako likifika mjini, limeacha punje ngapi njiani?