Matuo Kumi na Manne Mpaka Kwenye Picha

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja wa Safari aliniuliza swali moja tu: "Unajua kupanga?"

Nikajibu bila kusita, "Ndiyo, bosi. Nimepanga Morotonga, chumba kimoja, na mwenye nyumba hana maneno."

Ofisi nzima ilicheka mpaka bati likataka kung'oka. Kumbe mwenzangu alikuwa anaulizia kupanga safari! Nami nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni na daftari gotini, nikadhani hakuna swali la Kiswahili litakalonishinda tena duniani. Meneja alifuta machozi ya kicheko, akanipeleka stoo. "Anza na mizani, Bhoke. Anayeweza kupanga begi, siku moja atapanga safari."

Kampuni yetu pale Mugumu ilikuwa ikipeleka watu kwa miguu, mabegi mgongoni, kuona picha za watu wa kale zilizochorwa ndani ya korongo kavu. Nyie vijana mkisikia korongo msidhani ni mtaro wa shambani. Hili ni bonde jembamba lenye kuta za mawe huku na huku, lililochimbwa na mto ambao siku hizi unapita pale unapokumbuka. Joto lake siwezi kulisimulia nikaaminiwa. Ukiweka yai juu ya jiwe saa saba, utalikuta limeiva, na kuku aliyelitaga naye ameiva.

Stoo nilipima mabegi kwa mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza kama ya muuza nyama. Mgeni habebi zaidi ya robo ya uzito wake. Nilipata kutoa pasi ya umeme kwenye begi la mgeni mmoja. Nikamuuliza huko korongoni ataichomeka wapi, kwenye nyoka? Kutoka stoo nikapelekwa jikoni, na kutoka jikoni nikapewa kazi ya maji, ambayo ndiyo moyo wa safari ya nchi kame. Hapo nilijifunza kuzika maji. Unatangulia wiki moja kabla ya wageni, unafukia madumu mchangani kwenye kivuli, unaweka alama ambayo wewe unaijua na nyani haijui. Hilo la mwisho ni gumu. Nyani wa kule wana akili, wengine wangefaulu kidato cha nne kunishinda.

Baadaye wakanihamishia Sirari kupokea wageni wa upande wa pili wa mpaka. Hao walikuwa na swali lao: "Madam, hiyo korongo iko mbali ama ni hapo tu?"

Neno hilo, hapo tu, ndilo adui mkubwa wa kazi yetu. Muulize mchunga ng'ombe wa kwetu njia. Atanyoosha midomo kuelekea mlimani na kusema, "Ni hapo tu." Hapo tu ya mchungaji inaweza kukufikisha Sudani. Si kwamba anadanganya. Yeye ana miguu tu na fimbo, hana mzigo.

Mimi nimekulia Busawe nikibeba kuni. Mwanamke mwenye kuni kichwani hakwambii hapo tu. Anakwambia, "Natua mara tatu." Tuo moja ni ule mwendo unaotembea na mzigo mpaka shingo iseme basi, uushushe, upumue, ujitwike tena. Kwenye kilima tuo linakuwa fupi lenyewe, na kwenye mchanga na jua la saa sita vilevile. Ramani inajua umbali, lakini haijui jua.

Basi niliporudi Mugumu nikaweka ngata kichwani, nikajitwika dumu la maji, nikalipima korongo lote kuanzia pale gari linapoishia. Nilipata matuo kumi na manne. Manane ya siku ya kwanza mpaka kambini, sita ya siku ya pili mpaka kwenye picha. Nikapeleka hesabu kwa Meneja.

"Tuo ni kipimo gani? Limo kwenye kitabu gani?" akauliza.

"Limo shingoni, bosi."

Alicheka, lakini akajaribu safari moja kwa mpango wangu. Wageni walirudi wakiimba, hakuna hata mmoja mwenye malengelenge. Tangu hapo nikawa Mpanga Safari, mwanamke wa kwanza katika kampuni hiyo. Nikapewa kiti cha kuzunguka, na wiki ile yote sikufanya kazi, nilizunguka tu.

Mkuu wa wapagazi alikuwa Chacha, mzaliwa wa Tarime, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala. Chacha alikuwa na tabia moja iliyonisumbua kwenye mipango. Kila tukifika kwenye picha, wageni wanapopiga kamera, yeye anapotelea mbele korongoni saa nzima, wakati mwingine mbili, na kurudi amechubuka magoti.

"Unatafuta nini huko?"

"Hizi ni za watoto, Mama Bhoke. Kuna nyingine kubwa, watu warefu kama mlango. Mwalimu wangu wa shule ya msingi aliziona kwa macho yake."

Ikabidi kwenye karatasi ya mpango niwe naandika kabisa: saa za Chacha, mbili.

Sasa nifike kwenye safari ninayojivunia kuliko zote.

Alikuja ofisini bibi mmoja kutoka Turwa, mkoba mkononi, mgongo wima kama rula. Umri umepita sabini. Alikuwa Mwalimu Wegesa, mstaafu. Tulimwamkia, akaitikia shikamoo zetu moja moja kama anaita mahudhurio, kisha akasema anataka kwenda kwenye picha kwa miguu yake.

Meneja akajikuna. "Mwalimu, kwa heshima, picha hizo tunaweza kukuonyesha hata kwenye simu."

"Kwenye simu nimeuona hata mwezi, baba. Sijaufikia."

Nikadakia, mdomo wangu haujawahi kusubiri ruhusa: "Naweza kumpangia."

Meneja akanigeukia. "Mpangie. Lakini ukimgeuza njiani, Bhoke, hicho kiti utakiacha, unarudi stoo kwenye ndoano yako."

Nilipomsindikiza nje, Mwalimu alinishika mkono. "Mwanangu, mpangaji ni kama daktari, sitakuficha. Nilifundisha habari za picha hizi miaka mingi, kutoka kwenye picha moja iliyofifia kitabuni. Siku moja mtoto akaniuliza, 'Mwalimu, wewe umeziona?' Darasa zima limenitolea macho. Nikasema ndiyo."

"Ah, Mwalimu, kaneno kamoja."

"Hakakuwa kamoja. Wakauliza zina ukubwa gani. Nikaangalia huku na huku, nikauona mlango wa darasa. Nikasema, kama ule mlango. Na mwaka uliofuata nikasema tena. Sasa nataka niende, ile ndiyo yangu iwe ya kweli kabla sijafa."

Mlango! "Mwalimu," nikauliza polepole, "umewahi kumfundisha mtoto anaitwa Chacha?"

"Mwanangu, nimefundisha Tarime. Akina Chacha ningeweza kuwapanga kuanzia hapa mpaka Mwanza."

Nikarudi ndani nikapanga. Safari ya watu wote ilikuwa siku tatu, yake niliifanya tano. Kila tuo nililigawa mara mbili. Nikaenda mwenyewe kuzika maji, na nikafukia madumu mawili ya ziada kwenye tuo la kumi na mbili, chini ya mwamba uliojiinamia, ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya kuyafukia isipokuwa wasiwasi wangu.

Asubuhi ya kuondoka, Chacha alipomwona anashuka garini aliificha sigara mfukoni ikiwa bado inawaka. "Shikamoo, Mwalimu!" Amesimama wima, mikono nyuma, moshi unamtoka kwenye suruali.

"Marahaba. Zima moto huo, wewe mura, kijana wangu, kabla hujaungua."

Watu walicheka, lakini Chacha macho yalikuwa yanameremeta. Akawageukia wapagazi wenzake: "Si mlikuwa mnaniita mwongo? Leo mwenyewe kaja. Atatuonyesha zile kubwa!"

Mwalimu akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Siku mbili za kwanza alitembea vizuri kuliko nilivyoota. Kila tulipotua kidogo alisema, "Hapa tunatia mkato," na tulipotua kwa kirefu, "Hapa nukta." Askari mwenye bunduki, aliyetulinda dhidi ya wanyama, naye akaanza kuulizana na wapagazi kama mbele kuna mkato au nukta. Lakini siku ya tatu, tulipofika tuo la kumi na mbili, goti la kulia la Mwalimu lilikuwa limevimba kama papai. Jua liko utosini. Meneja, aliyeamua kuja mwenyewe kunishuhudia nikianguka, akatazama saa.

Kuna kitu tunaita saa ya kugeuka. Ikifika, hata kama unaiona picha kwa macho, unageuka, maana maji ya kurudi hayabishani. Kwetu ilikuwa saa sita.

"Saa ya kugeuka," Meneja akasema. "Pole, Mwalimu. Bhoke, pole na wewe."

Mwalimu alikaa juu ya jiwe, akafungua kamba za kiatu, akazifunga tena, kama mtu anayetafuta neno.

"Bosi, saa hiyo inageuka kwa sababu ya nini?" nikauliza.

"Maji. Unajua."

Nikapiga magoti, nikachimba mchanga kwa mikono, nikatoa dumu la kwanza. Nikachimba tena, nikatoa la pili. "Basi hapa hatugeuki. Tunalala kivulini mpaka saa tisa, goti linakandwa, jua likipungua tunamaliza matuo mawili yaliyobaki, na usiku tunarudi kulala papa hapa. Siku mbili za kurudi zimo kwenye mpango. Soma ukurasa wa pili, hukuusoma."

Meneja akausoma. Akaukunja, akauweka mfukoni, akavua kofia, akaenda kulala. Sijawahi kushinda mjadala vizuri namna ile, hata na marehemu mume wangu.

Tulifika saa kumi na moja kasoro. Wakati huo jua la jioni linaingia korongoni kwa ubavu na picha zinajitokeza zenyewe. Sheria yangu ya kwanza kwa kila mgeni ilikuwa hiyo: subiri jua, usimwagie maji. Wapita njia wa zamani walizimwagia ili zing'ae, na ndivyo zinavyokufa. Mwalimu akasogea. Watu wembamba wa rangi nyekundu, wameshika pinde, na mnyama kama pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mbele yao. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua kidole chake cha kati, bila kugusa ukuta, akakilinganisha na mtu mrefu kuliko wote.

Walilingana.

Nyuma yetu Chacha alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. "Haya, Mwalimu. Twende sasa kwenye zile kubwa."

"Chacha, kaa chini."

Akakaa chini, mabega yale yote.

"Hakuna kubwa. Sikuwahi kufika hapa. Niliwadanganya."

Niliwaona wapagazi wakiangalia pembeni, kwa sababu si rahisi kumtazama mwalimu anapokiri.

"Miaka tisa, Mwalimu," Chacha akasema hatimaye. "Nimepanda mawe haya kwa magoti miaka tisa." Halafu, taratibu, mdomo ukaanza kumcheza. "Lakini ungesema ni kidole, nisingekuja. Ningekwenda machimboni kama kaka zangu. Huo uongo umeniajiri."

"Usinisafishe, mura. Uongo ni uongo hata ukizaa mahindi." Akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu. "Shika. Andika kichwa cha habari: Masahihisho."

Basi Chacha akaandika, daftari gotini, ulimi nje kama mtoto wa darasa la tatu, na Mwalimu akamsomea kwa imla, mkato kwa mkato. Alipomaliza akalichukua, akalisoma, akaweka alama ya vema, na chini akatia sahihi yake mwenyewe, siyo ya Chacha, kwenye nafasi ya mwanafunzi.

Mwezi uliofuata alilipeleka daftari shuleni kwake Tarime, akasimama mbele ya watoto ambao hata wazazi wao hakuwafundisha wote, akawasomea. Nilikuwepo, nimekaa dawati la nyuma. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, safari hii umeziona kweli?" Akasema ndiyo. Nimesikia ndiyo nyingi maishani, lakini ile ilikuwa imekaa sawasawa kwenye mguu wake, kama kiatu chake mwenyewe.

Mimi nimestaafu mwaka juzi. Vijana wa siku hizi wanapanga kwa simu inayoongea, na sina ugomvi nayo. Wengine huja nyumbani kuniuliza, nami nawasimulia mengi, na nakiri chumvi huwa inanimwagikia: nyani wanaongezeka akili, joto linapanda, na pasi ya umeme siku hizi imekuwa jokofu. Mwaka jana walikuja na wasafiri wawili, wakataka kujua picha zenyewe zikoje. Nikaingia ndani nikatoa nakala ya ukurasa ule wa Masahihisho, nikavaa miwani, nikawasomea ulivyoandikwa:

"Picha ni ndogo. Mtu mrefu kuliko wote ana urefu wa kidole cha kati cha mwanamke mzee. Mbele hakuna kubwa zaidi. Zinatosha."