Yamini Haina Wakili

Kikohozi cha Marhoon kilianza pale kadhi alipotaja yamini, kiapo cha msahafu: kikavu, kifupi, kama cha mtu anayebisha mlango huku akiomba usifunguliwe.

Mpaka hapo Harub bin Thani alikuwa akimshuku binamu yake kwa mambo madogo tu. Unguja, Harub alikuwa wakili mwenye koti jeusi na ofisi Vuga. Mwaka 1964 alikimbia na mkewe Hind na watoto wao, na Marhoon ndiye aliyewapokea Matrah, bandari ya nchi ya babu zao, akawapa vyumba viwili vya juu nyumbani kwake. Walikaa humo miaka miwili, hawakuulizwa kitu.

Kisha Nasriya, mjane wa kijiji cha Yiti, akamshitaki Marhoon. Marehemu mumewe alimwachia Marhoon shamba la mitende alitunze. Sasa Marhoon anasema alipewa liwe lake.

"Uwakala wa kesi hii ntakupa wewe, unisemee mbele ya kadhi," Marhoon alimwambia Harub. "Huko kwenu mlivaa makoti mkasema na majaji. Hapa kadhi anakaa mkekani. Utamuonea huruma."

Harub alicheka, lakini moyo haukutulia. Marhoon aliweza kubishana na muuza samaki mpaka samaki akaoza. Ya nini leo kuazima ulimi?

Jioni Hind alimwekea sahani ya maini.

"Kaleta Marhoon. Jana halwa, leo maini. Mimi nnauliza tu, Baba Thani, tangu lini?"

"Ukarimu huo."

"Haya. Kula ukarimu wako kabla haujapoa."

Mbele ya kadhi, Nasriya hakuwa na shahidi. Waliokuwapo siku ile wote wamekwisha kufa. Kadhi akasema mdai akikosa shahidi, mwenye kukana ataapa, mkono juu ya msahafu. Ndipo kikohozi kilipoanza. Marhoon akamvuta Harub hadi dirishani.

"Mwana wa ami, wewe ndiye wakili wangu. Niapie."

"Yamini haina wakili. Unajua hayo."

"Kifua kinaniuma. Mwambie aahirishe."

"Mara ngapi? Bibi huyu anatoka Yiti juu ya punda."

"Basi atachoka." Marhoon alimtazama, kikohozi kimekatika. "Watoto wako wanalala wapi, Harub?"

Aliuliza bila hasira, kama anayeulizia hali ya hewa. Harub akaviona vile vyumba viwili, magodoro yamekunjwa ukutani, na Hind akifagia. Neno moja tu, mteja wangu mgonjwa, na wangelala humo mwaka mwingine.

"Wakili," kadhi aliita, "mtu wako anaapa?"

Harub alirudi, akakaa ukingoni mwa mkeka. Alisema kwa sauti ndogo mno, hata Nasriya akainama kumsikiliza.

"Sheikh, uwakala wake nimemrudishia. Muulize mwenyewe."