Saidi alivyosinzia mbele ya kiboko

Jamani, leo asubuhi kiboko ametuinulia mtumbwi hapa Rumonge!

Mimi na kaka yangu Saidi tulikuwa tunavua mikeke, samaki wa ziwa letu.
Nikapiga kelele: "Kaka, vuta kasia!"
Nikageuka kumtazama.
Alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, maji yakimjaa miguuni.

Nikampiga yule kiboko kwa kasia mpaka akazama, akaenda zake.
Nikacheka, nikidhani tumepona.

Nikamtikisa Saidi. Akafumbua macho, akaniuliza: "Wewe ni nani?"

Ndivyo malale, ugonjwa wa usingizi, yalivyomwanza jirani yetu, na tumemzika.

Sasa amelala tena. Mama anamwita ale, haitiki.
Askari wa Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, wakijua, watampeleka kwenye kambi ya wagonjwa.

Kuna aliyewahi kumwona mtu akiamka kutoka usingizi huu?
Niambieni, hata kama ni mmoja tu.
Mimi sijamwona.