Lori la Mrisho, Injini ya Sikujua

Mrisho Mpembenwe wa Salale, kwenye delta ya Rufiji, alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Kwao barabara ni maji; ukitaka kwenda kwa jirani wa ng'ambo, unapanda mtumbwi. Lakini malori aliyajua kwa macho, na mikono yake iliyajua zaidi. Msimu wa kuvua kamba ukiisha, alikaa barazani akachonga malori ya mbao na bati, marefu kama mkono toka kiwiko mpaka vidoleni, akayapaka rangi na kuyapeleka Kibiti kwa Zaitun, mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Wasafiri wa kusini waliyanunua.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, alifika dukani akakuta watu wamejaa mlangoni. Juu ya meza palikuwa na lori jekundu. Dereva mmoja alikiinamisha mbele kichwa cha lori, kama mafundi wanavyofanya kwenye lori la kweli, na chini yake ikaonekana injini. Si gogo lililopakwa rangi nyeusi. Ilikuwa na tabo la kusukumia hewa, duara lililojikunja kama konokono, dogo kuliko kifungo cha shati. Bomba la moshi lilikuwa na rangi ya kutu, kama chuma kilichoungua. Mipira ya kupitishia hewa ilikuwa myeusi, kila kiungo kimebanwa kwa kibati chembamba kinachong'aa. Palikuwa mpaka na mrija wa oili, mwembamba kama uzi.

"Ona! Hata oili hajaisahau!" alisema yule dereva, na watu wakasogea.

Mrisho naye akasogea. Ndipo alipoona kwenye ubao wa nyuma ua la njano lenye majani matano, moja fupi kuliko mengine. Ua lile alilichora yeye mwenyewe.

"Zaitun, hili si lori langu?"

"Lako, kaka Mrisho. Alilinunua Sikujua, yule mwanamke fundi wa dizeli nyuma ya soko. Akalikata, akalitia injini, akaniletea niliuze. Leo watatu wameshaligombania."

Mrisho alipokea pesa zake za mauzo, akaaga. Njia nzima mpaka Nyamisati, na kwenye boti mpaka nyumbani, aliwaza jambo moja tu. Watu wote wale, hakuna aliyelitazama ua.

Kuanzia siku hiyo hakuchonga kitu kingine ila injini. Alitafuta picha kwenye simu, akaokota konokono wadogo kwenye tope la mikokoni wawe tabo, akakata vibomba vya wino vya kalamu viwe mirija, akapinda waya wa kulehemia. Mkewe, Swaumu, alimsikia akinong'ona peke yake: "Sikujua amewezaje? Sikujua ameupitisha wapi huu?"

Baada ya mwezi alilipeleka Kibiti lori la bluu. Dereva aliyeitwa Mudy alikiinua kichwa, akaifuata mirija kwa ncha ya ufunguo, kisha akacheka.

"Mzee, lori lako linavuta moshi wake lenyewe! Bomba la moshi umelipeleka mdomoni, panapoingia hewa. Hili haliwezi kufika hata Ikwiriri."

Waliokuwepo wakacheka. Mmoja akasema, "Angempelekea Sikujua amrekebishie."

Tangu hapo ikawa kila Jumanne Mrisho anapanda boti kwenda Kibiti. Hakuwa na la kuuza. Alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji ya Sikujua, akamtazama yule mwanamke akifungua mashine, akijua kwamba vile vidole vinajua kitu ambacho vyake havijui. Kisha alirudi nyumbani, hana samaki wala sukari.

Jirani yao Mwantum akamwona amesimama huko, akamwambia Swaumu. Jioni ile Swaumu aliweka chakula, hakukaa.

"Baba Yasmin, huyo Sikujua ni nani?"

Mrisho akanawa mikono, akaanza kula. Aliona nafuu adhaniwe ana mwanamke kuliko kusema kwamba anamwonea mtu kijicho kwa ajili ya mirija.

"Sawa," Swaumu akasema. "Jumanne tunakwenda wote."

Na kweli walikwenda. Sikujua alikuwa amevaa ovaroli na ushungi, mikono myeusi kwa grisi. Swaumu akasimama mbele yake.

"Asalaam aleikum. Mimi ni mke wa Mrisho."

"Waaleikum salaam, dada. Mrisho yupi?" Sikujua akachungulia nyuma yake. "Aa, huyu anayesimama pale kila Jumanne? Mimi nilidhani ni mtu wa leseni!"

Swaumu akamgeukia mumewe. Hapakuwa tena na pa kujificha.

"Ua la njano nililichora mimi," Mrisho akasema.

"Wewe ndiye wa ua? Lakini lori lile nililinunua, kaka yangu."

"Ulilinunua. Sina kesi. Ila watu wanatazama mirija yako tu. Nami kila nikijaribu, nakosea."

"Mirija?" Swaumu akauliza. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia tairi. Alipoona macho ya mumewe yamejaa machozi, akaacha. "Bora ungekuwa na mwanamke," akasema polepole. "Ningejua pa kuanzia."

Sikujua hakucheka. Alifuta mikono, akampeleka Mrisho kwenye Fuso iliyoinamishwa kichwa.

"Shika hapa, imepoa. Moshi unatoka huku, unalizungusha tabo, unakwenda zake nje. Haurudi. Upande huu tabo linavuta hewa safi kwenye chujio, linaisukuma. Hewa ikisukumwa inapata joto, kwa hiyo inapelekwa mbele ikapoe, ndipo inaingia kwenye injini. Moshi na ile hewa havikutani ndani ya tabo."

"Na huu mwembamba?"

"Oili. Ukikosekana huo, tabo linakufa siku hiyohiyo."

Mrisho alipitisha kidole juu ya kila bomba, mara tatu. Walipokuwa wanaondoka, Sikujua akamwambia, "Mimi kuchora siwezi. Wewe tengeneza bodi, mimi injini. Tuuze pamoja."

"Nitafikiri."

Kwenye boti alimwambia Swaumu, "Nikikubali, watasema lori la Sikujua."

"Watasema," Swaumu akajibu.

Hakukubali. Alifanya kazi miezi mitatu, na Mudy alipoichunguza mirija ya lori la njano, hakupata kosa. Liliuzwa siku hiyohiyo kwa mtu wa Chumbi. Lakini Mrisho alikuwa amemwomba Zaitun asiliweke mezani mpaka lori jingine la Sikujua lililokuwa pale liondoke kwanza. Zaitun alimtazama, akaliweka chini ya meza.

Juzi Zaitun alimtumia picha ya lori jipya la Sikujua. Rangi mbaya, bodi limepinda. Injini ina feni inayozunguka. Mrisho aliikuza picha kwa vidole viwili, akatafuta kosa kutoka tabo mpaka kwenye chujio, akarudi tena mwanzo.

"Zuri?" Swaumu akamuuliza.

Aliitazama tena ile feni.

"Zuri," akasema, akaizima simu.