Mzinga Nilioufua kwa Sabuni

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Kusema mbele za watu naona haya, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwetu ni kijijini Newala, juu ya uwanda, ambako maji tunayafuata bondeni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mizinga mingi ya magogo. Kwa desturi yetu, cha mjomba humwendea mtoto wa dada yake. Miguu ilipomshinda kupanda miti, ulikuwa umebaki mzinga mmoja tu, mtupu. Akanipa. Alisema nyuki wasipoingia kabla maua ya mikorosho hayajakwisha, tuupasue kuni, maana mchwa wataula bure na yeye hawezi kuchonga mwingine.

Nilitaka kumfurahisha. Nikatumia ndoo nzima ya maji na kipande cha sabuni, nikausugua ndani mpaka ukawa mweupe, nikautundika kwenye mkorosho.

Nyuki walikuja mmoja mmoja, wakagusa mlango, wakaondoka. Kila asubuhi baada ya shikamoo Mjomba aliniuliza, nami nilitikisa kichwa. Maua yalipoanza kupukutika nikamweleza nilichofanya. Alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mama aje amwone dobi wa nyuki, watu wanakunywa maji ya kupimiana na huyu anawafulia wadudu.

"Mpwa wangu," akasema, "nyuki haingii nyumba isiyonuka nyuki."

Akaniagiza nitoe kitambaa kilichofungwa kwenye boriti. Ndani mlikuwa na donge la nta nyeusi, dogo kama korosho, alilopewa na mjomba wake. Nikaushusha mzinga, nikaufukiza moshi, nikaipasha nta na kuipaka ndani kote. Haikubaki hata chembe. Nikautundika tena mkoroshoni.

Siku ya nne nilikuwa nafagia. Nikasikia kama mvua inakuja kutoka upande wa Masasi, na mbingu haikuwa na wingu. Kundi likapita juu ya paa, kivuli chake kikapita miguuni pangu. Nilisahau kukimbia. Waliufunika mzinga mpaka gogo halikuonekana, kisha wakaanza kuingia kwa mlango wa upana wa vidole viwili, wengi wasiohesabika, bila kusukumana. Mtu aliyekufa kabla sijazaliwa aliitunza nta ile, na wao waliijua.

Mjomba alikuwa barazani, amefumba macho. Nikamwambia wameingia.

"Nimewasikia. Ukikata asali, funga donge lako. La mtoto wa dada yako."

Asali bado sijakata. Kila jioni nakwenda kuweka sikio kwenye gogo, na mwili unanisisimka vilevile kama siku ile.

Ninyi mnaofuga nyuki kwingine, kwenu mnawaita kwa kitu gani? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, lakini nitamaliza.